Uchaguzi wa Manifoldi ya Bei Nafuu kwa Injini Yenye Tabo

Magari mengi yapitayo leo katika barabara ya Bagamoyo yana injini zenye tabo. Yamo mabasi na malori ya dizeli, yamo magari ya Prado na Hilux Surf yenye injini ya 1KZ-TE ya lita 3, na yamo magari madogo ya petroli ya Subaru ambayo vijana wetu huyapenda sana. Wapo pia wenye Land Cruiser na Coaster za injini ya 1HZ, ambayo kiwandani hutoka bila tabo, wanaotaka kuifunga wenyewe ili gari lipate nguvu zaidi. Wote hawa hukutana na swali moja. Manifoldi ya ekzosi inapopasuka, au inapohitajika mpya ili tabo iweze kufungwa, je, mtu wa kipato cha kawaida anunue ipi?

Mnunuzi akienda Kariakoo, Gerezani au Ilala huonyeshwa aina tatu au nne zenye bei zilizoachana sana. Aghalabu huchagua kwa macho na kwa maneno ya muuzaji. Maoni yangu ni kwamba kwa mtu anayetumia gari lake kwa kazi katika mwambao huu, manifoldi inayofaa zaidi kwa fedha zake ni ile nzito na fupi ya chuma cha kusubu, hata ikiwa ya mtumba, mradi imekaguliwa. Ile ya mabomba membamba yanayong'aa humgharimu zaidi mwishowe, ingawa dukani inaweza kuwa na bei ndogo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza sababu za kisayansi za maoni hayo, na kutaja mambo ambayo taasisi zetu zingeweza kufanya ili kumsaidia mnunuzi.

KAZI YA MANIFOLDI

Manifoldi ya ekzosi ni bomba lenye matawi lifungwalo ubavuni mwa kichwa cha injini. Hukusanya moshi utokao katika kila silinda na kuupeleka katika njia moja. Katika injini ya kawaida kazi yake huishia hapo. Katika injini yenye tabo, moshi huo huzungusha kwanza gurudumu dogo la mapanga, nalo kwa mhimili mmoja huzungusha gurudumu la pili linaloisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua vizuri, na injini ndogo hutoa nguvu za injini kubwa. Wazo hili si geni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza yake mwaka 1905.

Gurudumu la tabo la gari huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kutokana na hali hiyo tunapata mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, moshi ukivuja kabla ya kulifikia gurudumu, nguvu ya kulizungusha hupungua, hewa iingiayo katika silinda hupungua, na gari la dizeli huanza kutoa moshi mweusi na kula mafuta mengi. Pili, kipande chochote cha kutu au cha chuma kikibanduka ndani ya manifoldi, hupiga mapanga yanayozunguka kwa kasi hiyo na kuyaharibu. Kwa hiyo manifoldi mbaya huweza kuiua tabo, ambayo ni aghali kuliko manifoldi yenyewe.

JOTO NA KUTANUKA

Injini ya dizeli inapobeba mzigo kamili, moshi wake huweza kufika nyuzi 600 hadi 700 za Sentigredi kabla ya kuingia katika tabo. Wa injini ya petroli yenye tabo huweza kufika nyuzi 900 au kupita. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Hivyo msomaji anaweza kuona tunazungumzia joto la namna gani.

Chuma kikipata joto hutanuka. Tuchukue manifoldi yenye urefu wa sentimita 50 ambayo joto lake limepanda kwa nyuzi 600. Ikiwa ni ya chuma cha kusubu, itarefuka kwa milimita 3.6 hivi. Ikiwa ni ya feleji isiyoshika kutu ya aina ya kawaida, iitwayo 304, itarefuka kwa milimita 5.4 hivi. Lakini kichwa cha injini, ambacho hupozwa kwa maji, hakipandi kwa zaidi ya nyuzi 70 au 80, na kutanuka kwake hakufiki hata milimita 1. Vitu hivi viwili vimefungwa pamoja kwa bolti. Kimoja kinataka kwenda, kingine kinakizuia.

Hapa ndipo penye chanzo cha nyufa nyingi. Kila safari chuma husukumwa na kuvutwa, na baada ya safari nyingi huchoka. Pahali pa kwanza pa kupasuka ni kwenye kiungo cha kuchomelea, au pale matawi yanapokutana, au bolti za mwishoni hukatika. Watengenezaji wazuri hukabili jambo hili kwa kufanya matundu ya bolti za mwishoni yawe marefu kidogo, ili manifoldi iweze kuteleza bila kuvunja kitu, na kwa kuigawa manifoldi ndefu katika vipande viwili au vitatu vinavyoingiliana.

Barabara yetu huongeza mzigo huo. Gari litokalo Mwenge husimama na kuondoka mara nyingi hadi Tegeta na Bunju. Likishapita Mapinga na Zinga huanza kwenda kwa kasi moja, na likishika njia ya Makofia na Kiwangwa kuelekea Msata hukaa katika joto la juu kwa muda mrefu. Wakati wa masika huingia ghafula katika madimbwi. Katika magari ya Subaru manifoldi imekaa chini kabisa ya injini, na maji baridi hurukia chuma chenye joto kali. Chuma chembamba hakivumilii mambo hayo kwa muda mrefu.

AINA ZILIZOKO SOKONI

Aina ya kwanza ni manifoldi halisi ya kiwandani iliyotolewa katika gari jingine, yaani ya mtumba. Mara nyingi ni ya chuma cha kusubu chenye kuta za milimita 4 hadi 6. Kwa injini zenye joto jingi viwanda huchanganya silikoni na molibdeni, au nikeli kwa wingi, ili chuma kisiliwe na joto.

Aina ya pili ni nakala mpya ya chuma cha kusubu. Zipo nzuri, na zipo zilizosubiwa ovyo, zenye mapovu ndani ya chuma na nyuso zisizonyooka.

Aina ya tatu ni ile ya mabomba marefu yaliyopindwa na kuchomelewa, inayong'aa kama sufuria mpya. Ikitengenezwa kwa bomba lenye unene wa milimita 3 hivi na kuchomelewa kwa uangalifu, ni kifaa kizuri cha magari ya mashindano, kwa maana mabomba marefu yaliyo sawa husaidia injini inapozunguka kwa kasi sana. Lakini ile ya bei nafuu mara nyingi ina bomba la milimita 1.5 tu. Feleji ya aina ya 304 ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 450 na 850, kromi yake hujitenga kandokando ya viungo, na hapo huanza kuliwa. Ndiyo sababu wataalamu hupendelea aina ya 321, iliyotiwa titani, kwa kazi hii. Nayo si ya bei nafuu. Wenye Subaru wakumbuke jambo jingine pia. Ule mngurumo wanaoupenda hutokana na matawi ya manifoldi ya zamani kutokuwa na urefu sawa. Anayenunua mabomba yenye urefu sawa ananunua pia kupotea kwa sauti hiyo.

Aina ya nne ni ile inayotengenezwa na mafundi wetu wenyewe, na sikubaliani na wanaoidharau. Bomba nene jeusi la mvuke, lenye unene wa milimita 3.5 na viwiko vilivyo tayari, hutoa manifoldi ya kuaminika kwa injini ya dizeli. Masharti yake ni machache. Bamba la kufungia liwe na unene wa milimita 10 hadi 12. Wakati wa kuchomelea, bamba hilo lifungwe kwa bolti juu ya kichwa kibovu cha injini ya aina ileile, ili lisipinde. Baada ya kazi likatwe kati ya tundu na tundu, ili kila tawi litanuke kwa nafasi yake, kisha uso wake usawazishwe kwa mashine. Lakini fundi asitumie kamwe bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, na mvuke wake wakati wa kuchomelea humtia fundi homa na maumivu ya kifua. Tena kwa injini ya petroli yenye tabo feleji ya kawaida haifai, maana katika nyuzi 900 huliwa na kubanduka magamba, nayo magamba huenda moja kwa moja katika tabo.

NAMNA YA KUPIMA DUKANI

Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vyuma methali hii haitoshi, kwa sababu kibaya nacho hujiuza kwa mng'aro wake. Mnunuzi hana budi kupima. Vifaa vinavyohitajika ni vichache na vinapatikana katika gereji yoyote.

Aanze kwa kuinyanyua. Manifoldi nyepesi kuliko ile ya zamani ya injini hiyohiyo inataka maelezo. Halafu apime unene wa ukuta kwenye mdomo wa bomba. Kisha aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zote za kufungia kwa pamoja, na ajaribu kupenyeza chini yake kipande chembamba cha kupimia nafasi za valvu. Kikipenya kwa urahisi, uso umepinda, na gasketi hazitadumu. Aangalie pia kama matundu ya mwishoni yameachiwa nafasi ya kuteleza, na kama sehemu ya kukalia tabo inalingana na tabo yake bila kulazimisha. Tabo ni mzigo wa kilo kadhaa unaoning'inia juu ya manifoldi huku gari likitikisika. Mabomba membamba yasiyo na mkono wa kuyashikilia hayatauweza.

Kwa manifoldi ya mtumba, ufa ndio adui mkubwa. Ipigwe taratibu kwa nyundo ndogo ikiwa imening'inizwa. Chuma kizima hulia kwa sauti inayoendelea, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha isafishwe, ipakwe mafuta ya taa, iachwe robo saa, ifutwe vizuri na kupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha katika ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya chaki. Njia hii ni ya zamani na haihitaji umeme.

Kujua aina ya chuma, muuzaji aombwe ruhusa ya kugusa pembe isiyo na kazi kwa grinda. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi zenye wekundu karibu na jiwe. Feleji ya kawaida hutoa cheche ndefu za manjano au nyeupe. Sumaku nayo husaidia, lakini isitegemewe peke yake, kwa kuwa ziko feleji zisizoshika kutu zinazoshikwa na sumaku na ziko zisizoshikwa.

CHUMVI YA PWANI

Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona jinsi chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji inavyokula magari. Sisi hatuna theluji, lakini chumvi tunayo mwaka mzima. Upepo wa bahari huileta, na wakazi wa Bagamoyo wanaona kwa macho mashamba ya chumvi yalivyo karibu na mji. Chumvi huvunja utando wa kromi unaoilinda feleji isiyoshika kutu, na huanza kuitoboa penye viungo vya kuchomelea. Chuma kinene cha kusubu hushika kutu pia, lakini kutu yake huenea juujuu, na ukuta wa milimita 5 una akiba ya kuliwa kwa miaka mingi. Ukuta wa milimita 1.5 hauna akiba hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi vitambaa vya kuzungushia manifoldi kuzuia joto. Vitambaa hivyo huongeza joto la chuma chenyewe, na katika hewa yetu hunyonya unyevu na chumvi na kuvishikilia hapohapo. Bamba jepesi la kukinga joto, lililowekwa kwa kuachwa nafasi ya hewa, linafaa zaidi.

USALAMA WA ABIRIA

Mtu anaweza kusema kwamba ufa mdogo katika manifoldi ni suala la kelele tu. Sivyo. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moshi wa dizeli una gesi hiyo kwa uchache, lakini una masizi na gesi nyingine zinazodhuru mapafu. Katika mabasi madogo ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele, moshi unaovuja huwa na njia fupi ya kumfikia dereva na abiria. Tena ndimi za moshi wenye nyuzi 700 zikielekea kwenye bomba la mafuta au nyaya za umeme huweza kuwasha moto. Dereva anayesikia mlio wa kuvuja, au anayeona masizi pembeni mwa gasketi, asingoje. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila kuchomelea ufa wa chuma cha kusubu kwa fimbo za kawaida, bila kukipasha joto kwanza na bila fimbo za nikeli, ni kuuhamisha tu, kwa maana chuma kitapasuka tena kando yake.

HESABU YA BEI

Tuchukue mfano wa kubuni. Manifoldi ya mabomba membamba inauzwa shilingi 200,000 na inadumu miezi 6. Ya chuma cha kusubu inauzwa shilingi 450,000 na inadumu miaka 4. Kila mara ya kufunga, gasketi na ufundi hugharimu shilingi 80,000. Katika miaka 4, mwenye manifoldi ya kwanza atainunua mara 8 na kutumia shilingi 2,240,000. Wa pili atatumia shilingi 530,000. Hapo bado hatujahesabu siku ambazo gari limelala gereji bila mapato, wala tabo iliyoharibika. Msomaji anaweza kuweka bei za mtaani kwake badala ya hizi. Jambo la kutazama ni gharama kwa mwaka, wala si bei ya siku ya kununua.

WAJIBU WA TAASISI

Nitapingwa na wengine kwamba mwenye gari hana shilingi 450,000 mkononi, hivyo hana uchaguzi. Ni hoja nzito, na haijibiwi kwa mahubiri. Jibu langu ni kwamba umaskini wa mnunuzi ndio unaodai vipimo vya uhakika. Tajiri akikosea hununua nyingine. Mwenye basi moja akikosea, watoto wake hukosa ada.

Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, lingeweza kudai kila manifoldi inayouzwa iandikwe aina ya chuma, unene wa ukuta na kiasi cha joto inachoweza kuvumilia. Shirika la TIRDO, lililoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, pamoja na vyuo vya uhandisi, lingeweza kupima sampuli za madukani na kutangaza matokeo kwa Kiswahili, katika karatasi moja inayoweza kubandikwa ukutani mwa gereji. SIDO na VETA zingeweza kuwafundisha mafundi wa kuchomelea masharti yale machache niliyoyataja, ambayo mwanafunzi mwenye mkono mwepesi angeyashika katika muda mfupi. Na viwanda vyetu vya kusubu vyuma vingeweza kuanza na manifoldi ya injini moja iliyoenea, kwa mfano 1HZ, badala ya kungoja kufanya zote.

Mpaka hayo yatakapofanyika, namshauri mwenye gari wa Bagamoyo asitoe fedha kabla ya kupima unene, unyoofu na ufa. Kama gari ni la dizeli na la kazi, achukue ya kusubu iliyo nzima, au amwendee fundi mwenye bomba nene na kichwa kibovu cha injini cha kufungia. Kama ni la petroli lenye tabo, atafute ile halisi ya kiwandani, hata ikiwa imeshika kutu juu, na aiachie dukani ile inayong'aa.